Mahari ya Tunduru

Oktoba 1, Musoma

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya orodha ya kuhama, lakini orodha itasubiri. Nina karaha inayotaka pa kuiweka.

Asubuhi nilimpeleka mama mkwe kupimwa macho. Ni presha ya macho. La kushoto limeshakwenda, na la kulia, anasema daktari, lina miezi michache, likizidi sana mwaka. Mama alisikiliza, akashukuru, akajifunga kitenge upya, tukarudi. Nilimwonea huruma kweli. Mama Nyamburi ana miaka sabini na sita na yuko nasi hapa Musoma tangu baba mkwe afariki. Nilimchemshia chai, nikamkaangia mayai mawili, nikakaa naye jikoni, sisi wawili tu, maana Rhobi wetu yuko masomoni mbali.

Alipomaliza kula akasema, "Mama Rhobi, nikuambie neno. Kabura macho hayajaisha, nataka nifike huko Tunduru nikaone mahari ya Makongoro."

Makongoro alikuwa mwanawe wa mwisho. Alikwenda Tunduru kuchimba vito, akaoa huko, na miaka sita iliyopita shimo likamwangukia. Habari zilitufikia siku ya nne, ameshazikwa, mvua zimekata barabara, na hakuna aliyekwenda. Ukoo ulikuwa umetoa ng'ombe wa mahari yake. Mjane, anaitwa Somoe, hakujaliwa mtoto.

Nikaweka kikombe chini. Mtu ameambiwa anapofuka, na katika vyote vilivyoko duniani anachotaka kukiona kwa mara ya mwisho ni mahari. Ng'ombe! Nilimwambia nitamweleza Lameck, kisha nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Oktoba 4

Nimemweleza Lameck, neno kwa neno. Mume wangu ni karani wa halmashauri Bunda, mtu mpole, na upole wake ndio unaoniudhi. Akasema ni jambo la kaka. Akampigia kaka.

Kaka ni Revocatus, yuko Buswahili na ng'ombe zake. Yeye si mpole. Niliisikia sauti yake ikitoka kwenye simu hadi sebuleni: "Mama amesema kweri! Mtoto hakuna, ng'ombe zirudi! Mimi nimekuwaga nasema!"

Kisha Lameck akamuuliza mama kwa kikwao kama kweli anataka kwenda Tunduru. Mama akajibu, Lameck akanitafsiria: hata kesho. Basi, hakuulizwa lingine. Kwao habari za ng'ombe haziulizwi kwa wanawake, hata kama mwanamke ndiye aliyezianzisha.

Imepangwa tuende Desemba, shule zikifunga, kwa gari la Revocatus, Noah. Wiki chache tu baada ya kuhama, maana hapa tunapopanga lazima tutoke Novemba, na uhamisho wangu wa kwenda Bunda unaanza Januari. Niliuliza kama kuna mtu ana akili katika ukoo huu. Lameck alifikiri naomba jibu.

Oktoba 6

Mvua ya kwanza. Matope hadi kwenye mashuka.

Oktoba 12, Kabasa

Nimekuja kuona nyumba yetu mpya, huku Bunda. Miaka minane ya kujinyima, na fundi Magige amefuga mbuzi bafuni.

Si maneno ya kutania. Nilifungua mlango nikakutana nao, wawili, wamesimama juu ya vigae nilivyovichagua mwenyewe. Harufu ilinipiga hadi machozi yakatoka. Ukutani kuna mstari wa kijani wa pale wanapojikunia.

"Ni wawiri tu, mwarimu," Magige akasema, hata aibu hana. "Wanaingiaga mvua ikinyesha."

"Na isiponyesha?"

"Wameshazoea."

Darini kuna popo. Mkojo wao umeshuka kwenye dari ya chumba cha mama, doa kubwa la rangi ya chai. Nilitapika nyuma ya nyumba yangu mwenyewe, siku ya kwanza kuikanyaga ikiwa imeezekwa. Lameck alisema dari itapakwa rangi. Nilimwambia na yeye apakwe.

Oktoba 19, Musoma

Revocatus amekuja kupanga safari. Alikula samaki wawili wazima, akachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti changu, akairudisha ndani ya kiberiti. Ndani ya kiberiti! Nilikitupa chote jalalani akitazama, wala hakuelewa.

Watu wa safari ni hawa: yeye, Lameck, mama, mimi, na mzee Samwel, mjomba wao ambaye anajua maneno ya kudaia ng'ombe. Juu ya gari, magunia ya dagaa ya kuuza njiani. Nikauliza mama ataegesha wapi miguu yake siku nne. Revocatus akasema mama ni mtu wa zamani, hachokagi.

Kisha akanigeukia. "Shemeji, watu wa kure wanaongeaga Kiswahiri cha kitabu. Sisi tukifungua mdomo tu watatucheka. Barua kwa yure mwanamke uandike wewe."

Nilisema siandiki. Nilisema ni uchafu, kumdai mjane ng'ombe baada ya miaka sita, na kwamba watu wa kule hata mila hizo hawazijui. Nilisema sana. Mama alikuwa amelala chumbani. Lameck akanifuata jikoni, akaniomba kwa ile sauti yake ya kubembeleza mgonjwa: usipoandika wewe ataandika kaka, na unajua kaka ataandika nini.

Oktoba 20

Nimeandika. Kama ni uchafu, basi walau uwe na sarufi. Naunakili ujumbe wenyewe hapa kwa sababu, ninakiri, umetoka vizuri:

*"Kwako Bi. Somoe. Salamu. Ukoo wa marehemu Makongoro unapenda kukuarifu kuwa utafika Tunduru katikati ya Desemba kwa ajili ya kuangalia mahari iliyotolewa kwa niaba yake. Kwa kuwa ndoa hiyo haikujaliwa mtoto, ukoo una imani kuwa utaona busara ya kulimaliza jambo hili kwa amani. Tunakushukuru tukitarajia ushirikiano wako mwema."*

Lameck aliutuma kwa simu yake saa nne asubuhi. Saa nne na dakika chache ukaonekana umesomwa. Hakuna jibu.

Oktoba 23

Nilikuwa nasahihisha madaftari ya kidato cha pili. Mada ni matamshi. Watoto wa hapa wanaandika wanavyosema: tumerara, tumekura, mbari sana. Kalamu nyekundu imeniishia wino. Mimi siwaonei. Nimekulia Lamadi kwa Wasukuma, sisi ugonjwa wetu ni kinyume chake, nilichapwa hadi nikaacha kusema "lafiki". Kama mimi niliweza, na wao wataweza.

Mama akaja akaketi karibu yangu. "Mama Rhobi, hivi yure mwanamke anaitunzaga mahari?"

Nikasema sijui.

"Maana mahari isipotunzwa inapotea. Nyasi zinakura, mvua inakura. Mtu anakuja kuangaria, hakuna kitu."

Nyasi! Anawaza hata malisho. Nimeishi na mama huyu miaka kumi na saba, nimemwona akigawa mboga yake ya mwisho kwa majirani, na sikujua kwamba ndani yake kuna kitu kama hiki. Nilimtazama akipapasa meza kutafuta kikombe, na badala ya huruma nikasikia kinyaa. Sikumsogezea kikombe. Alikipata mwenyewe.

Oktoba 30

Somoe hajajibu. Mvua tena.

Novemba 2

Nikiri na hili. Usiku na mchana nawaza safari, na ninaifurahia. Nina miaka arobaini na miwili, na sijawahi kufika kusini zaidi ya Dodoma, nako nilikwenda kusahihisha mitihani nikaona ukumbi na kantini. Nimeazima ramani ya idara ya Jiografia, nimeitandika sakafuni kati ya maboksi ya vyombo.

Siku ya kwanza: Lamadi, Bariadi, Maswa, Shinyanga, Nzega, tunalala Singida. Ya pili: Manyoni, Dodoma, Mtera, tunalala Iringa. Ya tatu: Makambako, Njombe, tunalala Songea. Ya nne: Namtumbo, halafu Tunduru. Nimeulizia nyumba za wageni zenye choo cha ndani, kwa ajili ya mama. Nimepanga Revocatus akae nyuma kabisa na dagaa wake. Ninataka kuwasikia watu wa huko wakiongea. Nitakaa dirishani.

Kwamba naifurahia safari ya kwenda kumkaba mjane, hilo nalo linachefua. Nimeliandika, nimelisoma, nimeendelea kupiga mistari kwenye ramani.

Novemba 9

Revocatus amempigia Somoe simu, akaweka spika ili sote tusikie alivyo mwanaume.

"Sisi ni ukoo! Tunakuja! Ng'ombe zetu tunazijua kwa majina!"

Upande wa pili sauti ya chini ikasema, "Haya, shemeji. Nimesikia." Akakata.

Mama alikuwa uani anaanua nguo. Nilimwona kupitia dirisha, anazishika moja moja kujua kama zimekauka. Nikajisemea, anakula kwa mikono ya wanawe, yake inabaki safi.

Novemba 16

Mama alikwenda Buswahili wiki nzima. Leo Revocatus amemrudisha, na mfuko wa saruji uliojaa mawe. Mawe! Mawe ya kawaida, ya ukubwa wa boga dogo, ameyaokota kwenye uwanja wa nyumba ya zamani. Nilimuuliza ya nini, akasema ya safari. Nikamuuliza Revocatus, akacheka kwamba wazee wana mambo yao. Sikuwa na nguvu ya kuuliza mara ya tatu. Nimefunga maboksi kumi na nne, mkono mmoja umekatwa na kioo, na Lameck anaumwa mafua kama mtoto mchanga.

Novemba 23, Kabasa

Tumehama. Ee Mungu, tumehama.

Lori lililokodiwa lilikuwa limebeba samaki kutoka Bukima jana yake, na hakuna aliyelitia maji. Magamba yamegandia kwenye magodoro yangu. Sofa linanuka sangara. Mvua ilianza tulipofika Kiabakari, turubai likapasuka, maji yenye damu ya samaki yakachuruzika juu ya vitabu vyangu vya chuo. Bafuni mbuzi hawapo, lakini wameacha salamu. Popo wapo wote.

Asubuhi, tukiwa bado Musoma, dereva alilalamika kwamba mzigo umezidi. Nikatazama huku na huku, nikaona ule mfuko. Niliuburuta mwenyewe hadi kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba, nikaumwaga. Mawe yalizama kwenye uchafu, nikajisikia vizuri kwa mara ya kwanza wiki nzima.

Novemba 24, Kabasa

Nimeshika kalamu mara tatu na kuiweka chini. Nitaandika ilivyokuwa.

Baada ya chai mama alianza kutafuta. Alipapasa kila mzigo sebuleni, magunia, ndoo, maboksi. Nilimwacha. Mwishowe akaja mlangoni nilipokuwa nasugua magamba ya samaki.

"Mama Rhobi, yare mawe yangu yako wapi?"

"Niliyamwaga, mama. Gari lilikuwa limejaa."

"Uriyamwaga wapi?"

"Kwenye shimo la taka. Musoma."

Hakupiga kelele. Aliketi chini, palepale kwenye maji ya sabuni. Akakikusanya kitenge chake magotini. Nikaona sasa yatosha, sasa tuseme wazi.

"Mama, mawe ya nini? Si tunakwenda kudai ng'ombe?"

"Ng'ombe gani?"

"Ng'ombe wa mahari. Si wewe uliyesema unataka kuona mahari ya Makongoro?"

"Ndiyo. Mahari." Akapiga sakafu kwa kiganja, pembeni yake. "Mahari. Hapa ni mahari. Pare ni mahari. Mahari amerara mtoto wangu. Wewe si ni mwarimu? Mnasemaga aje?"

Nilisikia sauti yangu ikitoka mbali. "Mahali."

"Ehe. Si ndivyo nimesema?"

Nilikaa kwenye maji na mimi.

Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto. Hakumzika mwanawe. Hajui amelazwa upande gani, chini ya mti au juani. Alitaka apaone na jicho lililobaki, ili akishakuwa kipofu awe na pa kupatazama kichwani. Mawe yalikuwa ya kuzungushia, ya nyumbani, kwa sababu marehemu mama yake alimfanyia hivyo mwanawe aliyefia vitani. Na nyasi zilikuwa nyasi. Na kutunzwa kulikuwa kutunzwa.

Nimerudi nyuma kusoma kurasa hizi. Kila "kurara" nimeisahihisha kichwani, kila "kura". Neno moja tu ndilo nililoliacha kama lilivyotoka, kwa sababu lilifaa kile nilichokuwa tayari kukiamini juu yake. Na Lameck na Revocatus, ambao r hiyo ni yao tangu kuzaliwa, hawakuwa na la kusahihisha, kwa maana mimi ndiye niliyewapelekea neno, na mimi nikisema mahari, huwa namaanisha mahari.

Kisha mama akauliza: "Kwa hiyo yure mtoto wa watu mmemwambia nini?"

Novemba 25

Nimekwenda Musoma peke yangu, asubuhi na mapema. Wapangaji wapya wameshaingia, na wameshalitumia shimo. Niliomba ruhusa, nikavua viatu, nikaingia.

Sitaficha: mpaka magotini. Nepi za mtoto, matumbo ya samaki, maganda ya ndizi yaliyooza, na funza. Niliyatoa mawe tisa kwa mikono, moja moja, nikayaosha bombani mara tatu. Mama mwenye nyumba alinitazama muda wote, mkono mdomoni. Nilitapika mara mbili. Mtu wa kumchukia sikumpata zaidi ya mimi mwenyewe, na nilimtafuta.

Novemba 26

Nimewaambia. Lameck alifungua simu akausoma upya ujumbe ule. Revocatus, kwenye simu, aliomba nirudie. Kisha akasema, "Mama arikuwa anasema kaburi?" Akasema tena, peke yake, "Kaburi."

Nimempigia Somoe mara kumi na moja. Simu haipatikani.

Novemba 28

Haipatikani.

Novemba 30

Haipatikani. Lameck amekumbuka kitu kingine, naye amekisema akiwa amegeukia ukuta. Makongoro hakuzikwa makaburini. Alizikwa porini karibu na machimbo, na wachimbaji aliokuwa nao wameshatawanyika kila mtu na njia yake. Anayejua alipo ni Somoe tu.

Mama kila asubuhi ananiuliza kama amepatikana. Leo aliuliza akiwa ameelekea upande ambao sikuwepo.

Desemba 3

Jenipher! Nilisoma naye chuo, tulilala kitanda cha juu na cha chini, naye anafundisha Tunduru mwaka wa tisa huu. Nimemwandikia kila kitu, bila kujipamba. Amejibu kwa ujumbe wa sauti. Amesema, "Kulwa, wewe?" kisha akasema atamtafuta Somoe.

Desemba 5

Jenipher amempata Somoe, kajificha kwa shangazi yake, kijiji kingine. Alihama nyumba siku aliyopigiwa simu na Revocatus. Ameuza mbuzi zake na anatafuta cha kuongezea, ili ukoo ukija ukute chochote. Nimesoma hayo nikiwa foleni ya maji, nikaiacha ndoo yangu palepale nikaondoka.

Desemba 6

Somoe amepiga. Tulikuwa wote sebuleni, Revocatus naye alikuwepo. Aliomba aongee na mama kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Uko sarama?"

"Nipo salama. Mwalimu Jenipher amenieleza. Mama, pale alipolala ninapafagia kila Ijumaa. Nimepanda maua upande wa chini, ili mvua isichukue udongo. Njoo uone."

Mama aliziba mdomo kwa kitenge. Revocatus, mtu wa ng'ombe kwa majina, akatoka nje, nikamsikia akipenga kamasi ukutani kwangu, nami sikuona kinyaa.

Kisha Somoe akaomba kuongea na Lameck. Spika ilikuwa bado imewashwa.

"Waje wote, shemeji. Bwana Revocatus naye aje. Alinifokea, lakini mtu anayefoka unajua yuko wapi. Nina ombi moja tu. Yule aliyeandika ujumbe ule asije. Huyo asifike kwangu, wala asifike kwa Makongoro."

"Ule tuliandika ukoo mzima," Lameck akasema.

"Hapana. Ule aliandika mtu mmoja, amekaa, ametulia. Hakukosea hata nukta. Akaniomba ushirikiano wangu mwema. Niliusoma mara nyingi, shemeji. Nilikuwa natafuta angalau kosa moja, nijue mkono wake ulitetemeka."

Desemba 7

Revocatus alibaki kulala kwetu. Leo wakati wa chai alisema, bila kunitazama, "Shemeji, nitasema niriandika mimi. Mimi nimezoea kuonekana mbaya. Atajuaje?"

Nilikitazama kidole chake kikizunguka ndani ya kikombe changu kutafuta sukari. Miaka kumi na saba nimemwona mshamba tu, na leo aliyejitolea kubeba kosa langu ni yeye, si mume wangu. Nilimshukuru. Nilimwambia atajua, akinisikia nikisema salamu tu atajua.

Desemba 8

Nimemwambia mama. Nilimkuta ameketi barazani, mawe yake miguuni.

"Mama, mimi sitakwenda. Ule ujumbe niliuandika mimi."

Alipitisha kidole gumba juu ya jiwe moja.

"Uriandika vizuri?"

"Niliandika vizuri."

"Basi ndiyo maana," akasema. Hakunifukuza. Nilikaa naye hadi jua likaingia barazani, kisha nikaingia ndani kumpangia nguo zake.

Desemba 10

Wameondoka saa kumi na mbili asubuhi. Dagaa wamebaki, mawe tisa yamekwenda, mjomba Samwel amebaki kwake. Mama yuko kiti cha mbele, mto mgongoni, blanketi miguuni. Ramani nimempa Lameck, na karatasi ya kila siku, nyumba za kulala, namba za simu, dawa za macho na saa zake. Nimemwonyesha dirisha la nyuma ambako mama ahamie wakipita Mtera, ili bwawa liwe upande wa jicho lake lililobaki.

Lameck aliniuliza kama nitaweza kukaa peke yangu na popo. Nikamwambia anitolee gari njiani.

Nimesugua bafu siku nzima. Bado linanuka mbuzi.

Desemba 11

Wamelala Singida.

Desemba 12

Iringa, baridi. Mama ameliona bwawa.

Desemba 13

Songea.

Desemba 14

Lameck amepiga saa tisa alasiri. Akasema wamefika, wako palepale, na kwamba atashika simu juu nisikie. Sikumwomba. Nilikaa chini sakafuni, chumbani kwa mama, chini ya lile doa la popo.

Nilisikia upepo kwenye majani. Nilisikia Somoe akisema, "Hapa, mama. Piga magoti hapa, shika." Kisha nikamsikia mama. Alianza kwa sauti ndogo, ikapanda, ikashuka, ikapanda tena, akasema maneno mengi kwa kikwao, bila kukatisha, kama dakika kumi. Mara moja jina langu lilipita katikati. Lameck na kaka yake walikuwa wakimwitikia. Hakuna aliyenitafsiria, nami sikuelewa hata neno moja.